Usiku Usioandikwa: Maumivu na Usingizi wa Wanawake katika Historia ya Sklerosisi ya Mabaka

Sklerosisi ya mabaka, ambayo duniani hutajwa zaidi kwa herufi mbili MS, ni miongoni mwa maradhi machache makubwa ya neva ambayo maelezo yake ya kwanza kamili yalitokana kwa sehemu kubwa na miili ya wanawake, tena wanawake maskini walioishi na kufia katika hospitali moja ya jiji la Paris. Hata hivyo, mambo mawili yanayowatesa wengi wa wanawake wenye maradhi hayo, yaani maumivu sugu na usiku usio na usingizi, yalibaki pembezoni mwa vitabu vya tiba kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya maradhi yenyewe kupewa jina. Pengo hilo halielezeki kwa ukosefu wa vyombo peke yake, kwa sababu maumivu na kukesha havihitaji chombo ili kujulikana. Vinahitaji mgonjwa aeleze na daktari asadiki.

Katika MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kushambulia mielini, utando wa mafuta unaozingira nyuzi za neva za ubongo na uti wa mgongo kama ganda la plastiki linavyozingira waya wa umeme. Palipochunika mielini hubaki kovu gumu, na makovu hayo ndiyo mabaka ambayo maradhi yamepewa jina lake. Taarifa zinazopita katika neva iliyochunika huchelewa, hupotea njiani au huzuka zenyewe pasipo sababu: zikipotea, mgonjwa hulegea mguu, huona ukungu au hupata ganzi, zikizuka zenyewe, huhisi kuungua, kuchomwa au kubanwa kifua ilhali hakuna kilichomgusa. Maumivu ya namna hii huitwa maumivu ya neva, kwa kuwa chanzo chake ni neva zenyewe wala si jeraha la nyama au mfupa, na anayemtazama mgonjwa kwa nje haoni chochote. Mwaka 2020 Shirikisho la Kimataifa la MS lilikadiria kuwa watu milioni 2.8 duniani wanaishi na maradhi haya, na kwamba 69 katika kila mia moja ni wanawake.

Kabla tiba haijawa na jina la maradhi haya, mahali ambapo maumivu na kukesha kwa mwanamke viliandikwa kwa urefu palikuwa katika vitabu vya dini. Lidwina wa mji wa Schiedam, Uholanzi, aliyeishi kati ya 1380 na 1433, alianguka kwenye barafu akiwa msichana wa miaka kumi na mitano hivi, kisha akadhoofika hatua kwa hatua mpaka akawa mtu wa kitandani, akiwa na udhaifu wa viungo, matatizo ya macho na maumivu makali, na waandishi wa maisha yake, akiwamo mtawa Thomas à Kempis, walisisitiza jinsi alivyolala kidogo. Baadhi ya madaktari wa karne ya 20 walipendekeza kwamba huenda aliugua MS, ingawa maelezo ya watu waliotaka kuthibitisha utakatifu hayawezi kutumika kama cheti cha daktari. Jambo lenye uzito zaidi hapa ni kwamba Kanisa liliona maumivu ya mwanamke kuwa jambo la kuandikwa, kwa kuwa lilikuwa na matumizi nayo, ilhali tiba ya karne ya 19, iliyokuwa na sababu nzito zaidi ya kuyaandika, iliyapita.

Hospitali iliyotajwa mwanzoni ni Salpêtrière. Amri ya Mfalme Louis XIV ya mwaka 1656 ilianzisha Hospitali Kuu ya Paris, ambayo licha ya jina lake ilikuwa taasisi ya kuwafungia maskini kuliko kuwatibu, na majengo yaliyokuwa ya kutengenezea baruti kusini mwa mto Seine yaligeuzwa kuwa sehemu yake ya wanawake. Jina la mahali limetokana na shura, chumvi inayotumika katika baruti. Kwa karne mbili zilizofuata walipelekwa huko ombaomba, makahaba, wazee wasio na jamaa, wenye kifafa na waliohesabiwa kuwa wendawazimu. Jean-Martin Charcot na mwenzake Alfred Vulpian walipokabidhiwa kazi ya udaktari humo mwaka 1862, hospitali ilikuwa na wanawake wapatao 5,000, wengi wao wakiwa wamekaa miaka mingi bila ya mtu yeyote kuandika kwa utaratibu wanaugua nini. Madaktari hao wawili walipita wodi kwa wodi wakiandika hali ya kila mgonjwa, na kutokana na kazi hiyo ya subira yalizaliwa mengi ya maarifa ambayo elimu ya magonjwa ya neva inayategemea hata sasa.

Mbinu ya Charcot ilikuwa kuunganisha kile alichokiona kwa mgonjwa aliye hai na kile alichokikuta katika ubongo na uti wa mgongo wake baada ya kifo. Mabaka yenyewe hayakuwa mageni, kwani Robert Carswell na Jean Cruveilhier walikuwa wameyachora katika vitabu vyao vya anatomia ya maradhi miaka ya 1830. Lililokuwa jipya katika mihadhara ya Charcot ya mwaka 1868 ni kuyafungamanisha na picha moja ya ugonjwa, inayotofautiana na maradhi ya kutetemeka ambayo leo huitwa Parkinson. Mtetemeko wa MS, alionyesha, hutokea mkono unapotaka kufanya kazi na hutulia ukipumzika, ilhali ule wa Parkinson huwapo hata mkono ukiwa umetulia. Husimuliwa kwamba aliwavisha wagonjwa kofia zenye manyoya marefu ili watazamaji walio mbali ukumbini waone namna mbili za mtetemo. Alitaja dalili tatu kuu, yaani macho yanayochezacheza, mkono unaotetemeka unapofikia kitu, na usemi unaokatika silabi moja moja, na dalili hizo zilifundishwa kwa vizazi kadhaa kuwa ndiyo sura ya maradhi.

Zote tatu huonekana au husikika na mtu mwingine. Mwanamke aliyeketi mbele ya wanafunzi hakuhitaji kusema neno lolote lenye maana ili zitambuliwe. Hata usemi wake ulisikilizwa kwa mdundo wake tu. Charcot hakukana kwamba baadhi ya wagonjwa wa MS walipatwa na maumivu, lakini katika mafundisho ya wakati huo maumivu makali yanayopita mwilini kama radi yalihesabiwa kuwa alama ya tabesi, yaani kaswende iliyofika kwenye uti wa mgongo, na mgonjwa wa MS aliyekuwa nayo alionekana kuwa tofauti na kawaida. Kuhusu usiku, klorali, dawa ya usingizi iliyoanza kutumika mwaka 1869, ilienea upesi katika hospitali za Ulaya, na kukosa usingizi kukawa jambo la kunyamazishwa kwa kijiko cha dawa kuliko jambo la kuchunguzwa. Kovu lililoko ubongoni lingeweza kupimwa juu ya meza ya uchunguzi wa maiti. Usiku wa kukesha haukuacha alama ambayo kisu kingeifikia.

Lakini sababu nzito kuliko hiyo ilikuwa ndani ya hospitali ile ile. Kuanzia miaka ya 1870 Charcot aligeukia histeria, jina lililotumika wakati huo kwa mkusanyiko wa dalili kama kupooza, ganzi, maumivu na mitukutiko, ambazo hazikuwa na kidonda cha neva kinachoonekana, na ambazo kwa karne nyingi zilifungamanishwa na wanawake. Kazi ya mtu mmoja inatosha kuonyesha jinsi MS na histeria zilivyokaribiana. Désiré-Magloire Bourneville, mwanafunzi wa Charcot, ndiye aliyeandika pamoja na Guérard mwaka 1869 mojawapo ya vitabu vya kwanza kabisa vilivyohusu MS peke yake, na ndiye aliyechapisha, kati ya 1876 na 1880, mkusanyiko maarufu wa picha za wanawake wa Salpêtrière walioitwa wagonjwa wa histeria. Ikumbukwe kwamba Charcot mwenyewe aliona histeria kuwa maradhi ya kweli ya neva na aliitambua kwa wanaume pia. Hata hivyo fundisho lililosambaa kutoka Paris hadi hospitali za Ulaya na Amerika lilikuwa jepesi zaidi na la hatari zaidi: mwanamke kijana anayelalamika maumivu na ganzi vinavyohama kutoka kiungo hadi kiungo, vinavyokuja na kuondoka, na ambaye halali, ana histeria mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa bahati mbaya hiyo ndiyo namna MS inavyoanza kwa wanawake wengi, kwa kuwa maradhi huja kwa mashambulizi yanayopoa, na kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40.

Madaktari makini waliiona hatari hiyo mapema. Thomas Buzzard wa London alionya mwanzoni mwa miaka ya 1890 kwamba maradhi halisi ya neva, MS ikiwamo, yalikuwa yakidhaniwa kuwa histeria. Joseph Babinski, aliyefanya kazi chini ya Charcot na kuandika tasnifu yake ya mwaka 1885 kuhusu MS, alitangaza mwaka 1896 kipimo kinachotumika hadi leo katika kila hospitali: daktari akikwaruza unyayo, kidole gumba cha mguu huinuka badala ya kuinama iwapo njia za neva za mwendo zimeharibika, na hakuna mtu anayeweza kuigiza hilo kwa urahisi. Kipimo hicho kiliwaokoa wagonjwa wengi na jina la histeria, na heshima yake inastahili kudumu. Ila kiliwaokoa waliopooza. Mwanamke ambaye unyayo wake uliitika vizuri, akawa na maumivu tu na kukesha tu, alibaki pale pale alipokuwa.

Matokeo ya mkanganyiko huo yanaonekana katika takwimu za mwanzoni mwa karne ya 20, ambazo nyingi zilieleza kwamba wanaume huugua MS sawa na wanawake au kuwazidi, jambo ambalo hakuna anayelikubali leo. Ongezeko la wagonjwa wanawake ni la kweli kwa sehemu, kwani utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha uwiano ukipanda kwa miongo kadhaa mpaka kuzidi wanawake watatu kwa mwanamume mmoja, lakini wapo wanahistoria wa tiba wanaoona kwamba sehemu nyingine ya wagonjwa wanawake wa zamani ilifichwa chini ya neno histeria.

Maumivu yalipoanza kukubaliwa katika elimu ya MS, yaliingia kwa mlango mmoja tu, mlango wa yale ambayo daktari angeweza kuyaona au kuyaamsha mwenyewe. Hermann Oppenheim wa Berlin alieleza mwaka 1911 maumivu makali ya uso yaliyosababishwa na baka la MS mahali neva ya uso iitwayo trijemina inapoingia kwenye shina la ubongo. Mwaka 1924 Jean Lhermitte na wenzake walieleza mshtuko kama wa umeme unaoteremka mgongoni mgonjwa wa MS anapoinamisha kichwa. Dalili hiyo ikapewa jina la Lhermitte na kuingia vitabuni haraka, bila shaka kwa sababu daktari angeweza kuiamsha chumbani mwake kwa kumwambia mgonjwa ainame. Mwaka 1958 W. B. Matthews wa Uingereza alieleza mkakamao wa ghafla wa viungo, wenye maumivu, unaodumu kwa muda mfupi na kujirudia. Maumivu ya kuungua ya miguu, yasiyo na mshtuko wala mkakamao, yanayoanza jioni na kuendelea mpaka alfajiri, hayakupata jina la daktari yeyote, ingawa yalikuwa ya kawaida kuliko hayo yote.

Kipimo cha ulemavu kilichoenea zaidi kiliimarisha pengo hilo. John Kurtzke alikichapisha mwaka 1955 kutokana na kazi yake katika hospitali ya maveterani wa vita huko Bronx, New York, ambako wagonjwa karibu wote walikuwa wanaume, akakirekebisha mwaka 1983. Kinaanzia 0, ambapo uchunguzi hauonyeshi kasoro, hadi 10, ambayo ni kifo. Alama 6 ni ya mtu anayehitaji fimbo, na kuanzia katikati kwenda juu kinachopimwa hasa ni mwendo. Hakina safu ya maumivu wala ya usingizi. Mwanamke anayetembea bila fimbo mbele ya daktari asubuhi, baada ya kukesha usiku kucha kwa maumivu, hupata alama ya mtu mwenye nafuu. Kwa kuwa majaribio ya dawa tangu miaka ya 1990, dawa za kwanza za interferoni zilipokubaliwa, yamepima mafanikio kwa idadi ya mashambulizi, picha za ubongo na kipimo hicho, mambo yasiyokuwamo ndani yake hayakuwa na nafasi kubwa ya kuamua dawa ipi ni nzuri.

Hesabu ya kweli ya maumivu ilikuja katika miaka ya 1980. Mwaka 1984 Clifford na Trotter walichapisha Marekani uchunguzi wa wagonjwa 317 wa MS, wakakuta asilimia 29 hivi wana maumivu, na mwaka 1988 Moulin na wenzake, katika kundi la wagonjwa 159, walikuta asilimia 55. Maradhi hayakubadilika kwa miaka minne. Kinachoelekea kubadilika ni jinsi swali lilivyoulizwa na aina za maumivu zilizohesabiwa. Majumuisho ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2013, yenye wagonjwa zaidi ya 5,000, yalifikia asilimia 63. Kwa hiyo jambo lililohesabiwa kuwa si la kawaida kwa miaka mia moja na zaidi ndilo linalowapata wengi.

Usingizi ulichelewa zaidi. Ugunduzi wa Aserinsky na Kleitman huko Chicago mwaka 1953, kwamba usingizi una vipindi ambamo macho huenda mbio chini ya kope na ubongo hufanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho, uliwezesha usingizi kupimwa usiku kucha kwa nyaya za kunasa umeme wa ubongo, lakini chombo hicho hakikuelekezwa kwa wagonjwa wa MS kwa muda mrefu. Mwaka 1988 Lauren Krupp na wenzake huko New York walieleza kuwa uchovu wa MS una sifa zake wenyewe, jambo lililolazimisha swali la usiku kuulizwa. Utafiti wa Japani wa mwaka 1994 ulipima usingizi wa wagonjwa 28, na kuanzia hapo mambo yakaenda kasi. Utafiti mkubwa wa Italia wa mwaka 2008 ulikuta kwamba hali ya miguu isiyotulia, yaani msukumo usiozuilika wa kuisogeza miguu unaozidi jioni na mtu akilala, iliwapata asilimia 19 ya wagonjwa 861 wa MS, ilhali kwa watu wasio na maradhi hayo ilikuwa asilimia 4 hivi. Mwaka 2014 uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 2,300 wa California ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 70 walikuwa na dalili za angalau tatizo moja la usingizi, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa hivyo na daktari.

Sababu zake hufungamana kiasi kwamba kuzitenganisha kunakuwa kazi ya kitabuni zaidi kuliko ya maisha. Maumivu huamsha, misuli hukaza usiku na kuamsha tena, neva za kibofu zilizoharibika humtoa mgonjwa kitandani kwenda haja ndogo mara kadhaa, pumzi huweza kuzibwa usingizini, dawa za steroidi zinazopoza shambulio hufukuza usingizi, na sindano za interferoni huleta homa na kuumwa viungo. Usingizi uliokatwakatwa, kwa upande wake, hushusha uwezo wa ubongo wa kuzuia maumivu, hivyo maumivu yale yale huwa makali zaidi usiku unaofuata. Kwa wanawake yanaongezeka mengine: kukosa usingizi na miguu isiyotulia huwapata wanawake zaidi hata wasio na MS, na kukoma hedhi huja na joto la ghafla usiku, jambo zito katika maradhi ambayo joto la mwili huzidisha dalili zake. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu wanawake 254 wajawazito wenye MS ulithibitisha kwamba mashambulizi hupungua wakati wa ujauzito na kuongezeka katika miezi mitatu baada ya kujifungua, ambayo ndiyo miezi ambayo mama yeyote huamshwa na mtoto. Utafiti huo ulihesabu mashambulizi kwa ustadi mkubwa, na ulibadilisha ushauri wa kikatili waliopewa wanawake wengi kabla ya hapo kwamba wasizae. Usiku wa mama hao haukuwa sehemu ya hesabu.

Maradhi haya ni nadra zaidi karibu na ikweta, ila hayako mbali na wasemaji wa Kiswahili kama inavyodhaniwa. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1990 ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa huko na wazazi wahamiaji kutoka Afrika, bara Hindi na visiwa vya Karibi hupata MS kwa kiwango kinachokaribia cha Waingereza wengine, ingawa wazazi wao waliipata kwa nadra. Na katika nchi za Afrika Mashariki, ambako mashine za MRI za kupiga picha za ubongo na mabingwa wa neva wako zaidi katika miji mikubwa, mwanamke mwenye ganzi na maumivu yanayohama bado anaweza kuambiwa ni mawazo, kama alivyoambiwa mwenzake wa Paris kwa jina la histeria. Picha ya MRI itasubiri rufaa na nauli. Maswali kuhusu usiku hayasubiri chochote: mgonjwa analala saa ngapi, nini humwamsha, na maumivu yako wapi wakati huo. Tabibu na muuguzi wa zahanati yoyote wanaombwa kuyauliza, kuandika majibu kwenye faili kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, na kuyapeleka pamoja naye anapopewa rufaa.